Kutoka Laini Shabaha: historia ya springi mbili zinazovutana

Mmezoea kunisoma nikizungumzia programu na tarakilishi. Leo mniwie radhi, nataka tuzungumze juu ya bastola, ule mtambo ambao mitaani tunauita mguu wa kuku.

Kwanza niseme ukweli: mimi ni mtoto wa Kawangware na sipendi bunduki. Januari 2008 nililala sakafuni usiku kadhaa, godoro tumeliegemeza kwenye ukuta wa mabati kana kwamba linaweza kuzuia risasi. Baadaye Tume ya Jaji Waki ilihesabu watu 1,133 waliokufa nchini katika ghasia zile, na 405 kati yao waliuawa kwa risasi. Kwa hiyo rafiki yangu mmoja mwenye leseni, anayeshiriki mashindano ya kulenga shabaha, aliponiomba nimwandikie programu ya kujumlisha alama, nilikataa mara mbili.

Mara ya tatu alikuja na daftari lake. Katika mashindano ya mtindo wa IPSC, shirika lililoanzishwa Marekani mwaka 1976, pointi zako hugawanywa kwa sekunde ulizotumia. Bastola ikikwama, umekwisha. Daftari lilijaa mikwamo isiyo na mpangilio. "Si mimi," akasema, "ni springi." Hapo udadisi ukanishinda. Mwandishi wa programu akionyeshwa hitilafu inayotokea leo na kupotea kesho, hapati usingizi.

Ili kuielewa hitilafu ile, tuanzie karibu na nyumbani. Ukitoka Kawangware, ukafika barabara ya Ngong na kuelekea mjini, Kibera iko mkono wako wa kulia. Ndani yake kuna kijiji kiitwacho Laini Saba. Wengi wetu hudhani ni hesabu, laini ya kwanza hadi ya saba. Lakini masimulizi ya Wanubi yanasema jina la awali lilikuwa Laini Shabaha, yaani uwanja wa kulengea. Hapo ndipo askari wa King's African Rifles, Keya, walikofunzwa kufyatua bunduki. Wanubi hao, wenye asili ya Sudan, ndio waliopaita mahali pale Kibra, msitu kwa lugha yao. Mwaka 1912 serikali ya kikoloni ilitenga takriban ekari 4,200 za eneo hilo kuwa ardhi ya jeshi.

Askari wa Keya wa enzi ya Vita vya Kwanza vya Dunia alibeba Lee-Enfield, bunduki ya komeo, na siyo bastola. Angalia jinsi komeo lile linavyofanya kazi. Askari analivuta nyuma, ganda linatoka. Analisukuma mbele, risasi mpya inaingia. Lakini sehemu ya mwisho ya kusukuma ni nzito kuliko zote, kwa sababu hapo ndipo springi ya pini ya kupigia inapobanwa. Mkono unafanya kazi mbili kwa wakati mmoja: kufunga bunduki na kuitia nguvu ya mlio unaofuata. Springi inasukuma kurudi, mkono unasukuma kwenda. Mkono ukilegea, bunduki haifungi.

Wakati huohuo, mafundi wa Ulaya na Marekani walikuwa wanatafuta namna ya kuuondoa mkono. John Browning, Mmarekani, alitumia nguvu ya mlio wenyewe kurudisha nyuma kipande cha juu cha bastola, kile wanachokiita slaidi, kisha springi ikakirudisha mbele. Katika bastola yake ya mwaka 1900, iliyotengenezwa na FN ya Ubelgiji, springi moja ilifanya yote: ilirudisha slaidi na pia ilisukuma pini ya kupigia. Mwaka 1907 jeshi la Austria-Hungaria lilichukua Roth-Steyr kwa ajili ya wapanda farasi wake. Humo pini ilivutwa nusu tu na mtambo, nusu iliyobaki ikamaliziwa na kidole kwenye kifyatuo, ili farasi akiruka bastola isilie yenyewe.

Wazo hilo la nusu kwa nusu lilirudi Austria hiyohiyo miaka 75 baadaye. Mwaka 1982 jeshi la nchi hiyo lilichagua bastola ya Gaston Glock, mtu ambaye hakuwa amewahi kutengeneza bunduki. (Ile Ceska tunayoisoma magazetini, CZ 75, ni ukoo mwingine: ina nyundo nyuma.) Ndani ya Glock kuna springi mbili, na hazipatani. Springi kubwa inasukuma slaidi mbele ifunge. Mwishoni mwa safari, pini inanaswa, na springi yake ndogo inaanza kubanwa. Yaani ni lile komeo la Laini Shabaha tena, ila sasa springi kubwa ndiyo mkono wa askari.

Sasa mnaelewa masaibu ya rafiki yangu. Washindani hupenda springi kubwa iwe laini, ili slaidi isiguse mbele kwa kishindo na kuinamisha mdomo wa bastola. Lakini ikizidi ulaini inashindwa na springi ya pini, na slaidi haifungi sawasawa. Basi unalainisha ya pini pia, na hapo fataki ya risasi haigongwi vya kutosha, kimya. Uzito wa slaidi nao unahesabika. Glock walipotoa modeli ndefu ya mashindano, Glock 34, mwaka 1998, walikata tundu juu ya slaidi kupunguza uzito wake. Ukigusa kimoja umegusa vyote, kama programu iliyoandikwa na watu watatu wasiosalimiana.

Programu niliiandika hatimaye. Bado sipendi bunduki, na usiku ule wa Kawangware sijausahau. Lakini sasa nikipita Laini Saba nawaza ule mkono wa Keya uliosukuma komeo kwa niaba ya dola. Springi za chuma zilipochukua kazi yake, kila anayeshindana hujua kuzipima na kuzibadilisha zikichoka. Mkono wenyewe ulisubiri. Jamii ya Wanubi ilikabidhiwa hati ya ardhi ya Kibra mwaka 2017, na hati hiyo ni ya ekari 288.

Programu nimeiita Shabaha. Rafiki yangu aliuliza kwa nini, nikampeleka Kibera tukanywa chai. Wewe msomaji wa Kibera, kama una babu aliyekusimulia habari za uwanja ule, niandikie kabla hazijapotea.

Alamsiki.