Vitambaa vya Kasai na Majina Yake

Wengi wetu hapa Goma tunavijua vitambaa vya rafia vya Kasai kama mapambo ya ukuta tu. Baada ya 1994, mashirika yalipojaa mjini, wachuuzi walivitandika kando ya vinyago, na swali la kwanza la mgeni lilikuwa: «Hiki ni cha zamani?» Swali hilo lilifika Kasai kitambo, kabla yetu.

Mwaka 1892 William Sheppard, misionari Mmarekani mweusi, aliingia katika mji wa mfalme wa Wakuba. Vitambaa alivyokusanya viko leo Hampton, Marekani. Mwaka 1908 akaja Emil Torday, Mhungaria, akikusanya kwa ajili ya British Museum. Mchoraji Matisse naye alivitundika kwake Ufaransa.

Kumbe si vya kutundika. Wanaume wanafuma, kitambaa kinapondwa kinuni mpaka kilainike, ndipo wanawake wanapitisha uzi kwa sindano na kuukata kwa kisu kidogo, bila fundo hata moja. Kimoja kinaweza kula miezi. Halafu kinazikwa! Marehemu anavishwa nguo za ukoo ili wazee waliotangulia wamtambue. Ni kusema, vile vya makabati ya Ulaya ni vile vilivyokwepa kaburi.

Na kila nakshi ina jina. Torday aliandika mengi, akakuta kwamba mshonaji na mchonga miti wanaweza kuita nakshi ileile majina mawili. Jan Vansina, mwanahistoria wa Wakuba, alisimulia kwamba miaka ya 1920 mamisionari walimwonyesha mfalme pikipiki yao. Mashine haikumshangaza. Alichopenda ni alama ya tairi mchangani. Akaagiza inakiliwe, ikawa nakshi, ikapewa jina lake.

Februari 2022 Ubelgiji ilimkabidhi Waziri Mkuu Sama Lukonde orodha ya vitu karibu 84 000 vya Kongo vilivyo Tervuren. Ni jambo kubwa. Lakini katika orodha za namna hii jina la mkusanyaji ndilo linalobaki. La mama aliyeshona mara nyingi halipo, na la nakshi linategemea kama kuna aliyeuliza.

Sokoni mambo ni mabaya zaidi, maana anayelipa analipia uzee. Basi kitambaa kipya kinalowekwa katika chai au kinaanikwa moshini, kinazeeka kwa wiki moja. Jina hakuna anayeliuliza, na hilo moshi hauwezi kulitengeneza.