Nenda Shilo Ukaone

Leo nifuate polepole, maana neno hili linatuhusu sisi tulio ndani ya kanisa.

Mwaka 701 KK, Senakeribu mfalme wa Ashuru alishuka Yuda na kuteka miji yenye maboma. Akaizingira Yerusalemu. Mfalme Hezekia akaomba, Mungu akajibu, na Senakeribu akarudi Ninawi bila kuuteka mji. Ulikuwa muujiza wa kweli.

Lakini tazama yaliyofuata. Vizazi vilivyokuja vilirithi ushuhuda bila kurithi toba. Watu wakaamini kwamba maadamu Hekalu limesimama, Yerusalemu haiwezi kuanguka.

Yapata mwaka 609 KK, mwanzoni mwa utawala wa Yehoyakimu, Yeremia alisimama langoni pa Hekalu watu wakiingia kuabudu. Soma Yeremia 7. Aliwataja kwa matendo yao: wizi, uzinzi, viapo vya uongo, kumwonea mgeni, yatima na mjane. Wakishafanya hayo, wanakuja nyumbani mwa Bwana na kujihesabu salama.

Akawaambia waende Shilo. Ni kama kilomita 30 tu kaskazini mwa Yerusalemu. Hapo ndipo sanduku la agano lilipokaa siku za Eli, na sasa palikuwa ukiwa. Kama Mungu alipahukumu pale, kwa nini asipahukumu hapa? Kwa neno hilo walitaka kumwua (Yeremia 26).

Miaka ikapita. Mwaka 588 KK Wababeli wakauzingira mji. Kwa hofu, Mfalme Sedekia na wakuu wakaingia Hekaluni, wakamkata ndama vipande viwili, wakapita katikati yake na kuapa kuwaacha huru watumwa wao Waebrania. Torati ilikuwa imeagiza waachiliwe mwaka wa saba, ila hakuna aliyejali. Sasa wakawaachilia.

Kisha habari zikaja kwamba jeshi la Farao limetoka Misri. Wababeli wakaondoka. Mji ukashusha pumzi, na wale mabwana wakaenda kuwarudisha watumwa wao (Yeremia 34 na 37).

Hebu mfikirie yule mama aliyekuwa ameanza kuzoea uhuru, mara bwana wake wa zamani anabisha hodi.

Mungu aliona. Alisema kwa kinywa cha Yeremia kwamba Wababeli watarudi, na walirudi. Mwaka 586 KK ukuta ulibomolewa, na Hekalu lile lile walimoapa likateketezwa kwa moto.

Mpendwa, hawa walikuwa watu wa ibada. Hekalu walipewa na Mungu, ushuhuda walipewa na Mungu. Kosa lao ni kuvifanya ngao ya kumzuia Mungu asiwaguse dhambi zao.

Nawe je? Ugonjwa ulipoingia nyumbani, uliahidi nini? Ulisema utamlipa yule dada wa kazi mshahara wake wa miezi mitatu. Ulisema utamrudishia mjane wa ndugu yako shamba lake. Mgonjwa akapona, ukatoa ushuhuda madhabahuni, tukapiga makofi. Mshahara uko wapi? Shamba liko kwa nani?

Sikukatishi tamaa. Siku ile walipotaka kumwua Yeremia, wazee fulani walisimama wakakumbusha jambo ambalo mji ulikuwa umelisahau. Siku za Hezekia, nabii Mika naye alitabiri kwamba Yerusalemu itakuwa magofu. Hezekia hakumwua. Alimcha Bwana, akamsihi, na Bwana akaghairi mabaya yale. Hicho ndicho kilichouponya mji. Mawe ya Hekalu yalikuwa yale yale siku za Hezekia na siku za Sedekia. Mioyo ndiyo iliyotofautiana.

Kabla hujaja ibada ya Jumapili, piga ile simu. Lipa lile deni. Kisha njoo tuabudu pamoja.