Barua yenye muhuri ndiyo dawa ya ‘rudi kesho’ katika afisi za kaunti

MFANYABIASHARA anayetaka kufungua mkahawa mdogo mjini hulazimika kubisha milango kadha kabla ya kuuza kikombe cha kwanza cha chai. Idara ya biashara humtaka alipie leseni. Afisa wa afya ya umma hukagua jiko, maji na choo, kisha hutaka kuona vyeti vya afya vya wapishi, ambavyo hufanywa upya kila baada ya miezi sita. Idara ya zimamoto nayo hukagua vifaa vya kuzimia moto. Akitundika bango lenye jina la mkahawa, huenda akadaiwa ada nyingine.

Masharti hayo yenyewe si mabaya. Mteja anastahili kukingwa dhidi ya kipindupindu, na jirani anastahili kukingwa dhidi ya moto. Kero huanza pale faili inapokwama katika meza fulani na asipatikane mtu wa kueleza sababu. Mwananchi huambiwa kwamba mkubwa hayupo, mtandao umepotea, au arudi kesho. Kwa mtu anayeishi kwa anachochuma kutwa, kila kesho ni siku ya kazi iliyopotea, nauli iliyotumika bure na kodi ya chumba ambacho bado kimefungwa.

Kero ya miaka mingi

Tatizo hili halikuletwa na ugatuzi. Kabla ya uchaguzi wa Machi 2013, Kenya ilikuwa na mabaraza 175 yaliyoendeshwa chini ya Sheria ya Serikali za Mitaa, Sura ya 265. Leseni zilikuwa zimezidi kiasi kwamba mwishoni mwa miaka ya 1990 serikali ilianzisha leseni moja ya biashara, ili mfanyabiashara alipe mara moja kwa mwaka badala ya kuzungushwa kutoka afisi moja hadi nyingine.

Kaunti 47 zilipochukua nafasi ya mabaraza hayo, zilirithi wafanyakazi wake pamoja na wale waliohamishwa kutoka wizara za serikali kuu. Zilirithi pia sajili za karatasi na mazoea ya kila idara kulinda faili zake. Polepole ada mbalimbali zikawa tena zinatozwa kando ya leseni ya biashara. Mnamo 2023 Kaunti ya Nairobi ilianzisha leseni ya pamoja, iliyounganisha leseni ya biashara na ada kama zile za afya na zimamoto. Zaidi ya miongo miwili ilikuwa imepita, na dawa iliyotumiwa ilikuwa ileile, kwa kuwa ugonjwa ulikuwa umerejea.

Mwenye shamba au ploti naye hana afueni. Katika maeneo yanayotozwa kodi ya ardhi, anayehamisha ardhi huweza kutakiwa kuonyesha cheti kwamba kodi hiyo imelipwa. Cheti hicho hutolewa na kaunti. Ikiwa daftari la zamani la baraza halikuandikwa malipo fulani, mwenye ardhi ndiye hutakiwa kuthibitisha kwamba alilipa, hata kama kosa lilikuwa la karani. Aliyetupa risiti zake hujikuta akidaiwa upya.

Kwa nini ucheleweshaji hudumu

Sababu kuu ni kwamba ombi la mdomo halina tarehe. Mwananchi anayesimama dirishani na kuondoka na ahadi ya kesho haachi alama yoyote kwamba alifika. Karani hawezi kulaumiwa kwa kuchelewesha ombi ambalo haliko katika sajili yoyote, na mkubwa wake hawezi kujua kwamba kuna watu waliorudi mara tano kwa jambo moja.

Pengo hilo ndilo humpa nafasi wakala wa vichochoroni, anayedai kuwajua wakubwa na kuahidi kuisukuma faili kwa kitu kidogo. Wengi hulipa kwa sababu hongo huonekana nafuu kuliko siku nyingine ya kuzungushwa. Husahau kwamba chini ya Sheria ya Hongo ya 2016, anayetoa ana hatia sawa na anayepokea. Isitoshe, pesa hizo hazina risiti, na faili ikikwama tena mlipaji hana pa kulalamikia.

Sheria inavyosema

Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kuhudumiwa na afisi za umma kwa haraka, kwa ufanisi na kwa haki. Anayeathiriwa na uamuzi wa afisi ana haki ya kupewa sababu kwa maandishi. Sheria ya Hatua za Haki za Kiutawala ya 2015 inaongeza kwamba afisi ikiombwa sababu na ikose kuzitoa, uamuzi wake huchukuliwa kuwa ulifanywa bila sababu nzuri, hadi ithibitishwe vinginevyo.

Sheria ya Kupata Habari ya 2016 ndiyo iliyoweka siku. Ombi la habari huandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, na asiyejua kusoma na kuandika husaidiwa na afisa kuliandika. Afisi yapaswa kujibu kabla ya siku 21 kumalizika, na inaweza kujiongezea muda mara moja tu, usiozidi siku 14. Mwombaji halazimiki kueleza anataka habari hizo kwa nini, na hatozwi ada ya kuwasilisha ombi, ila gharama ya nakala.

Hivyo basi, mwenye mkahawa anaweza kuuliza kwa barua faili yake iko katika meza gani, inasubiri nini, na ada aliyodaiwa imewekwa na kifungu kipi cha Sheria ya Fedha ya kaunti yake. Swali hilo la mwisho lina uzito, kwa kuwa kifungu cha 210 cha Katiba kinakataza kutoza ushuru usiotokana na sheria.

Katika ujenzi, sheria imekwenda mbali zaidi. Chini ya Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, anayeomba idhini ya kujenga asipojibiwa kwa maandishi katika siku 60, huchukuliwa kwamba amepewa idhini. Lakini siku hizo haziwezi kuhesabiwa bila ushahidi wa tarehe ombi lilipopokelewa.

Afisi ikikaa kimya, malalamishi hupelekwa bila malipo kwa Tume ya Haki katika Utawala, inayofahamika na wengi kama afisi ya Ombudsman, iliyoundwa mnamo 2011. Hapa mwananchi afahamu tofauti moja muhimu. Kuhusu ucheleweshaji wa kawaida, tume huchunguza na kutoa mapendekezo, na Mahakama ya Juu iliamua mnamo 2021 kwamba mapendekezo hayo hayailazimishi afisi husika. Kuhusu habari zilizofichwa, tume inaweza kutoa agizo, nalo likiwasilishwa katika Mahakama Kuu laweza kutekelezwa kama amri ya korti. Anayeuliza faili yake iko wapi ana nguvu zaidi kisheria kuliko anayelalamika tu kwamba amecheleweshwa.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kufuatilia jambo katika afisi ya kaunti anafaa kuwa na daftari lake: nakala mbili za kila barua, moja ikiachwa afisini na nyingine ikipigwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, jina na cheo cha kila afisa aliyemhudumia, na risiti za miaka yote, hata zile za baraza ambalo halipo tena. Karani akikataa kupiga muhuri, barua yaweza kutumwa kwa posta ya rejista, ambayo hutoa stakabadhi yenye tarehe.

Kufanya hivyo hakutaifanya faili itembee siku hiyohiyo. Lakini tangu muhuri unapogonga karatasi, siku huanza kuhesabiwa, na anayetakiwa kueleza sababu ya kuchelewa huwa ni afisi, wala si mwananchi.