Batman Mbele ya Kamati: Muigizaji, Sheria ya Obama na Simu Yako

Nimekuwa kimya kidogo kwa sababu ya kazi za wateja, ila leo nina kisa kilichoanzia kwenye meza ya fundi.

Simu yangu ilikataa kuwaka, nikaipeleka kwa jamaa mmoja Barabara ya Oginga Odinga. Nikisubiri, akanionyesha ubao wa kompyuta ya zamani aliokuwa akiuchokonoa. Ulikuwa na vidude vidogo vya manjano, kila kimoja na mstari upande mmoja. "Hivi, omera," akasema, "ndivyo wanavyouania huko Kongo."

Yuko sahihi. Zile ni kapasita za tantalamu, na tantalamu hutoka kwenye koltani. Koltani nyingi huchimbwa Kivu, kwa sururu na koleo, na watu wanaozungumza Kiswahili kama mimi na wewe. Nilipofika nyumbani nikaanza kuchimbua jambo nililokuwa nimelisahau: siku ambazo muigizaji wa Hollywood aliketi mbele ya wabunge wa Marekani kuwaeleza habari za Kivu.

Najua hapa Kisumu ukitaja muigizaji na bunge kwa pumzi moja, watu watasema Lupita Nyong'o. Ni haki yao. Babake, Anyang' Nyong'o, amekuwa mbunge wa Kisumu Rural, kisha seneta wa kwanza wa kaunti hii mwaka 2013, kisha gavana tangu 2017. Lakini leo namzungumzia Ben Affleck, na mtaona jinsi habari yake inavyorudi hapa ziwani kwa njia isiyotarajiwa.

Affleck alianzisha shirika la Eastern Congo Initiative mwaka 2010. Tarehe 8 Machi 2011 akaitwa kutoa ushahidi mbele ya kamati ndogo ya Baraza la Wawakilishi inayohusika na Afrika. Nakumbuka nilijaribu kutazama kwa modemu ya USB. Picha ilikwama kila nikinywa chai funda moja, hivyo nikaamua kusubiri maandishi.

Kwa wasiojua, kikao cha namna hii kina utaratibu wake. Shahidi hupeleka maelezo marefu ya maandishi mapema. Siku ya kikao huzungumza dakika chache tu, kisha wabunge humuuliza maswali kwa zamu, na yote huingia kwenye kumbukumbu rasmi. Kwa lugha yetu ya programu, zile dakika chache ni skrini ya kwanza anayoiona mtumiaji. Kazi yenyewe imo kwenye yale maandishi. Wanahabari huja kwa ajili ya skrini, na wasaidizi wa wabunge, wale wanaoandika miswada, husoma maandishi.

Affleck aliomba nini? Mambo mawili makubwa: Marekani isaidie uchaguzi wa Kongo uliokuwa unakuja Novemba mwaka huo, na rais ateue mjumbe maalum wa kanda ya Maziwa Makuu.

Hapo kwenye mjumbe maalum ndipo nilipoweka kikombe chini. Jambo hilo lilikuwa tayari limeandikwa katika sheria. Ni sheria ya Marekani kuhusu misaada, usalama na demokrasia nchini Kongo, iliyotiwa saini na Rais Bush tarehe 22 Desemba 2006, na ndani yake imesemwa wazi kwamba rais anapaswa kuteua mjumbe wa namna hiyo. Na aliyeuwasilisha mswada huo katika Seneti ni nani? Barack Obama, seneta wa Illinois.

Mwaka huohuo wa 2006, mwezi Agosti, Obama alikuwa hapa. Alipima virusi vya Ukimwi hadharani pamoja na mkewe, hapa Kisumu, mbele ya umati, kisha akaelekea Kogelo kwa bibi yake. Sisi tuliimba na kucheza. Sidhani kama kulikuwa na mtu katika umati ule aliyejua kwamba mgeni wetu alikuwa na mswada wa Kongo mkononi. Mimi sikujua.

Basi fikirieni hali ilivyokuwa mwaka 2011. Mtoto wa baba aliyezaliwa ng'ambo ya ghuba hii ya Winam, kule upande wa Kendu Bay, ni rais. Sheria aliyoiandika mwenyewe akiwa seneta inamtaka rais ateue mjumbe. Washauri wa kanda wamewahi kuteuliwa, lakini mjumbe mwenye cheo hicho hayupo. Na anayekuja bungeni kuomba jambo hilo ni mcheza filamu. Sheria ilikuwepo miaka minne na zaidi bila kuvuta kamera hata moja. Affleck alizivuta asubuhi moja.

Alirudi tarehe 19 Desemba 2012, safari hii mbele ya kamati ya majeshi ya Baraza la Wawakilishi. Mwezi mmoja kabla yake waasi wa M23 walikuwa wameuteka mji wa Goma. Juni 2013 hatimaye mjumbe akateuliwa: Russ Feingold, seneta wa zamani aliyekuwa akiifuatilia Kongo kwa miaka. Sitasema kwamba Affleck ndiye aliyesababisha. Kutekwa kwa Goma kuliwashtua wengi, na yalikuwepo mashirika yaliyoomba jambo hilohilo bila sura maarufu. Lakini tarehe 26 Februari 2014, kamati ya Seneti ya mambo ya nje ilipokaa kuzungumzia Kongo, Feingold na Affleck wote walitoa ushahidi siku hiyo. Wakati huo Affleck alikwisha kutangazwa kuwa Batman mpya. Akawaambia maseneta kwamba yeye si mtaalamu wa Kongo. Nilimheshimu kwa hilo.

Sasa upande mchungu. Kuna sheria nyingine, msiichanganye na ile ya 2006. Julai 2010 Obama, sasa akiwa rais, alitia saini sheria kubwa ya mabenki iitwayo Dodd-Frank. Ndani yake, kifungu cha 1502, kampuni zinazowajibika kwa masoko ya hisa ya Marekani zilitakiwa kueleza kama bati, tantalamu, tangsteni na dhahabu zilizomo katika bidhaa zao zimetoka Kongo au nchi inayopakana nayo. (Majirani zetu wawili wa ziwa hili, Uganda na Tanzania, wamo. Sisi hatumo, kwa kuwa hatupakani na Kongo.)

Nia ilikuwa njema: kuwanyima wenye bunduki fedha za madini. Lakini kwa mnunuzi aliye mbali, njia rahisi ya kutii sheria ni kutonunua kabisa Kivu. Juu ya hayo, Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema hadi Machi 2011. Wachimbaji wadogo wakakosa chakula. Kule migodini waliiita Sheria ya Obama, na hawakuwa wakisifu. Jina lilelile tulilolichapisha kwenye fulana hapa Kisumu, upande wa pili wa Maziwa Makuu lilikuwa jina la njaa.

Affleck hakuiandika sheria hiyo. Ninaitaja kwa sababu inaonyesha kasoro ya mpango mzima, ambayo sisi waandishi wa programu tunaijua vizuri: wanaoandika mahitaji wako mbali na mtumiaji. Kamera humfuata shahidi maarufu, na shahidi maarufu huleta hadithi ambayo kamati inaweza kuielewa kwa dakika tano. Simu, damu, bunduki: hiyo inaeleweka. Bei ya kilo moja ya koltani kwa baba mwenye watoto sita haieleweki upesi hivyo. Kwa haki yake, kadiri miaka ilivyopita Affleck alizungumzia zaidi kakao na kahawa. Tarehe 26 Machi 2015 alikaa meza moja na Bill Gates mbele ya kamati ndogo ya Seneti ya matumizi, na mmoja wa maseneta waliokuwa wakiwasikiliza, Patrick Leahy, amewahi kuonekana mwenyewe katika filamu za Batman. Hapo sijui nani alikuwa akimwigiza nani.

Wamarekani wamezoea mchezo huu. Oktoba 1947 mcheza filamu aitwaye Ronald Reagan alitoa ushahidi mbele ya kamati iliyowasaka wakomunisti wa Hollywood, na mwaka 1981 akawa rais. Kwetu Kenya mchekeshaji ameruka hatua ya ushahidi kabisa. John Kiarie, KJ wa Redykyulass, alichaguliwa mbunge wa Dagoretti Kusini mwaka 2017, na baada ya uchaguzi wa 2022 akapewa uenyekiti wa kamati ya Bunge ya mawasiliano, habari na ubunifu. Yaani kamati inayogusa kazi yangu na yako.

Na Katiba ya 2010, kifungu cha 125, inaipa kamati ya Bunge uwezo wa kumwita mtu yeyote atoe ushahidi. Si lazima awe maarufu. Mwaka 2006, tovuti ya Bunge ilipoondolewa hewani baada ya baadhi ya wabunge kulalamikia wasifu wao kuwekwa wazi, Ory Okolloh na mwenzake mwandishi wa programu walianzisha Mzalendo ili tuweze kusoma yanayosemwa mle ndani. Mara kwa mara mimi huingia kutafuta neno "Kisumu", au "wavuvi", au "magugu maji", nione nani aliitwa kuzungumza.

Goma ilitekwa tena na M23 Januari 2025. Rubaya, ambako hutoka takriban asilimia 15 ya koltani ya dunia, walikuwa wameuteka tangu 2024. Nilimwambia fundi habari hizi nilipokwenda kuchukua simu. Akaniuliza kama huyo Batman atarudi bungeni, nikamwambia aniwashie simu kwanza tutazame.