Kishikwambi Hakitoshi: Ujifunzaji Endelevu wa Mwalimu na Teknolojia Mpya

Baada ya Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022, vishikwambi vilivyotumiwa na makarani wa sensa viligawiwa walimu wa Tanzania. Ulikuwa uamuzi wa busara. Kifaa ambacho kingelala ghalani kilimfikia mwalimu aliyezoea kuandika azimio la kazi na andalio la somo kwa kalamu. Lakini ugawaji huisha siku mwalimu anapotia saini, na kinachofuata baada ya saini hiyo ndicho kinachoihusu taaluma yetu. Hoja ya makala hii ni kwamba mwalimu huimiliki teknolojia mpya anapoitumia pamoja na wenzake kutatua tatizo la somo analofundisha, katika muda unaotambuliwa kuwa muda wa kazi. Pasipo hayo, kifaa hubaki kifaa.

Tunao ushahidi wa nyumbani. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwafikia watu wazima wapatao milioni 2, na hadi leo sifa nyingi hupewa redio. Redio haikuwa ngeni wakati huo. Nguvu ya kampeni ilitokana na mpangilio ulioizunguka: viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walioandaliwa ngazi kwa ngazi, kitabu kilichosomwa kwa sauti mbele ya kikundi, kipindi kilichosikilizwa kwa pamoja, kisha mjadala uliopaswa kuzaa uamuzi. Choo kichimbwe wapi? Madimbwi yanayozalisha mbu yafukiwe na nani? Utaratibu huo nao haukuzuka ghafla, kwani kampeni ndogo za redio na vikundi zilikuwa zimeanza tangu 1969. Waandaaji walijifunza kwa kutenda, wakarekebisha, wakapanua. Ni somo ambalo wapangaji wa mafunzo ya kidijiti wamelipita haraka mno.

Walimu wa UPE, yaani mpango wa elimu ya msingi kwa wote, walioajiriwa kwa wingi baada ya Azimio la Musoma la 1974, nao walisomea ualimu huku wakifundisha, kwa masomo ya posta na redio. Wamebezwa kupita kiasi. Wengi wao walibeba shule za vijijini mabegani. Hata hivyo, somo linalokuja kwa posta humhitaji mtu wa kuulizwa, na mwalimu aliye peke yake kijijini hana wa kumuuliza.

Upweke huohuo umo ndani ya semina za siku mbili. Mwalimu hufundishwa kuwasha kifaa, kufungua faili, kuonyesha slaidi. Akirudi darasani anamkuta mwanafunzi aliyejumlisha nusu na theluthi akapata mbili ya tano, kwa kuwa amejumlisha namba za juu peke yake na za chini peke yake. Hakuna kitufe cha kosa hilo. Sasa tuseme walimu watatu wa hisabati wanapiga picha kurasa za madaftari ya wanafunzi wao, wanakaa mezani na kuuliza: mtoto huyu alikuwa anawaza nini? Wanapanga somo moja pamoja, mmoja analifundisha, wengine wanaangalia wanafunzi badala ya kumkagua mwenzao. Kesho yake wanarudi mezani na picha mpya. Hapo kamera ya simu ya kawaida imefanya kazi kubwa kuliko ubao wa kisasa uliofungiwa ofisini.

Husemwa kwamba walimu wenye umri mkubwa ndio kikwazo. Sikubaliani. Mwalimu aliyefundisha sehemu kwa miaka mingi huyajua makosa ya watoto kabla hayajatokea. Kijana anayeanza kazi hukijua kifaa. Kila mmoja ana nusu ya kinachohitajika, na semina inayowatenga kwa kiwango cha ujuzi wa kompyuta huipoteza nafasi hiyo.

Haja ya meza hiyo imeongezeka kwa ujio wa akili mnemba. Programu sasa huandika andalio la somo kwa sekunde chache, kwa Kiswahili kinachosomeka. Linaweza kuwa sahihi kimuundo na lisifae kabisa: likamtaka mtoto wa Sumbawanga ahesabu vituo vya treni ya chini ya ardhi, au likaruka hatua ambayo darasa hilo bado halijaielewa. Kulipima andalio kama hilo ni ujuzi wa kitaaluma, na ujuzi huo hunolewa kwa kubishana na wenzako kwa hoja.

Kwa bahati njema msingi upo. Mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unawataka walimu wakutane shuleni kwao na kujifunza pamoja. Adui wake ni ratiba. Kikao kikisukumwa hadi jioni, mwalimu mwenye rundo la madaftari ya kusahihisha atahudhuria kwa mwili tu. Wakuu wa shule wakiweke kikao hicho kwenye ratiba kama kipindi kingine chochote, na kisifutwe kwa ajili ya shughuli nyingine. Wathibiti ubora nao, kabla ya kuhesabu vishikwambi, waulize walimu walijadili somo gani wiki iliyopita na walibadilisha nini darasani.