Mkazo wa Neno na Mapigo ya Wimbo

Wengi mmetuuliza kwa nini mwalimu wa kwaya hutusomesha maneno ya wimbo mpya kabla ya kutupa solfa. Sababu yake ni ya zamani.

Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: MU-ngu, BWA-na, wo-KO-vu. Mkazo ukihama, maana nayo yaweza kuhama. BaraBAra ndiko yanakopita matatu; baRAbara ni sawasawa.

Wamisionari, kuanzia Johann Ludwig Krapf aliyefika Mombasa mwaka 1844, walikuja na nyimbo zilizotungiwa lugha za kwao. Tuni nyingi za Kiingereza huanza kwa pigo dogo, na mstari hufungwa kwa pigo kubwa. Wafasiri walihesabu silabi, nane kwa nane, zikatosha. Hesabu hiyo haikuwa ngeni, kwani washairi wa pwani walikuwa wakitunga tenzi za mizani nane tangu karne ya 18. Lakini mstari wa silabi nane ukiishia na “Bwana”, mkazo wa msemaji uko kwenye silabi ya saba, na pigo kubwa la tuni liko kwenye ya nane. Ndiyo maana tumezoea kuimba “bwa-NAAA”, neno ambalo hakuna anayelitamka hivyo nyumbani.

Mwaka 1963, tume ya watu watano iliyotayarisha Wimbo wa Taifa ilitafuta karibu zaidi. Ilichukua tuni ya wimbo wa kubembelezea watoto wa Wapokomo wa Mto Tana, ambao lugha yao ni ndugu ya Kiswahili.

Vijana wetu wamependekeza mara kadhaa tuziache zile nyimbo za kitabu. Hatukubali. Kina mama wanaozijua bila kitabu ndio huziimba kando ya kitanda cha mgonjwa na kaburini, na hapo hakuna anayepima mkazo. Tunachofanya ni kuivuta kidogo silabi ya saba na kuitoa ya nane kwa upole. (Besi hulalamika, wao hupenda kuvuta mwisho.)

Wimbo wa Jubilii mtakaousikia leo ulianza bila noti hata moja. Tuliyasoma maneno yake majuma matatu, pamoja, kama watu wanaozungumza, hadi mapigo yakajitokeza. Ndipo solfa ikaandikwa juu yake. Mstari wa mwisho unaishia na neno la silabi mbili. Sikilizeni ile ya kwanza.