Neuroanuwai: jina la wale tunaosema "hawana salamu"

Shelui ni mji wa njiani. Uko wilayani Iramba, mkoani Singida, chini ya mlima Sekenke, kwenye barabara kuu inayotoka Dodoma na Singida kuelekea Nzega na Mwanza. Mabasi yanashusha na kupakia, malori yanalala, wachimbaji wadogo wanatoka kwenye mashimo ya dhahabu ya ukanda uliochimbwa tangu enzi za Wajerumani. Wanyiramba, Wasukuma na Wanyaturu wanakutana na wageni ambao pengine hawatawaona tena. Mahali kama hapo mtu hupimwa kwa salamu, kwa kuwa ukoo wake haujulikani na jina lake halijatajwa.

Na salamu zetu zina kanuni ambazo hakuna aliyetuandikia. "Habari za nyumbani?" jibu lake ni "nzuri", hata kama nyumbani kuna mgonjwa, ugonjwa hutajwa baadaye, baada ya "ila". Muuza vitunguu akiulizwa bei hutaja ya kuanzia, na mnunuzi anajua kwamba siyo yenyewe. "Nakuja sasa hivi" ya fundi haina uhusiano na saa. "Karibu chakula" huambiwa kila apitaye, naye anatakiwa asome uso na sauti ya mwenyeji ajue kama anaalikwa kweli au anaheshimiwa tu. Wengi wetu tulizinyonya kanuni hizi tukiwa mgongoni mwa mama. Yuko mwenzetu ambaye hazikumwingia hivyo. Akiulizwa habari anajibu, "Mbaya, kichwa kinauma." Akifika dukani anataja chumvi kabla ya shikamoo. Akiongea na mzee anatazama ukuta. Sauti za wapigadebe stendi zinamuumiza hasa, siyo kumkera tu, hata anapita ameziba masikio. Hukumu ya mtaani haichelewi: hana salamu, anaringa, jeuri, mama yake hakumfunza. Mambo yakizidi anaitwa taahira au zezeta, au inasemwa ana jini. Na atakayetaka kumsaidia atakumbushwa kwamba samaki hukunjwa angali mbichi, kisha fimbo inatafutwa.

Hukumu zote hizo zinaliweka kosa ndani ya mtu mmoja. Istilahi ninayoieleza hapa ilitungwa ili kuliondoa humo.

Kwa Kiingereza neno ni neurodiversity. Mwaka 1998 mwanasosholojia wa Australia, Judy Singer, alilitumia katika tasnifu yake ya chuo kikuu, na mwaka huohuo mwandishi wa Marekani Harvey Blume akalichapisha katika jarida la The Atlantic. Lakini wazo lilikuwa limeanza kupikwa kabla yao, katika mazungumzo ya watu wenye usonji (autism) waliokuwa wakiandikiana, na si haki kumpa mtu mmoja sifa yote. Lilifinyangwa kwa kufuata neno la wanamazingira, lile ambalo sisi tunaliita bioanuwai: kwamba msitu wenye miti ya namna nyingi hauna mti uliokosewa. Ubongo wa binadamu nao una namna nyingi. Kuna usonji, kuna disleksia inayofanya herufi zigome kusomeka, kuna upungufu wa umakini unaoandamana na utukutu, na kuna namna ile ya wengi.

Kwa kuwa bioanuwai limeshakubalika, limo vitabuni na redioni, sioni sababu ya kuhangaika mbali. Neuroanuwai linatamkika, linafuata njia iliyokwisha kufyekwa, na mwanafunzi aliyesoma bioanuwai atalidaka mara moja. Wapo wanaopenda tutumie "mishipa ya fahamu" mahali pa "neuro", yaani neva, kwa sababu ndivyo wauguzi wanavyosema na ndivyo mama wa Shelui alivyosikia kliniki. Nawaelewa. Ila fahamu ni kitu mtu anachopoteza anapozimia, na pia ni kuelewa. Ukisema fulani ana fahamu tofauti, msikilizaji atadhani haelewi. Hilo ndilo hasa tunalolikana.

Tunapofika kwa watu wenyewe kazi inakuwa ngumu zaidi. Kiswahili kina historia hapa. Kipofu, kiziwi, kilema, kiwete: wote tuliwaingiza katika ngeli ya ki-vi, pamoja na kiti na kisu. Leo Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inaanza na mtu, kisha ulemavu. Ni hatua njema, na neno usonji limepata bahati ya kukua ndani yake, kwani Tanzania tunasema mtu mwenye usonji. Wengine, hasa Kenya, huandika tawahudi, kutoka Kiarabu, neno ambalo mzizi wake ni upweke na umoja. Mimi nabaki na usonji, maana wengi wa hawa hawakuuchagua upweke, waliachwa.

Neno la Kiingereza kwa mtu ambaye ubongo wake hauendi kwa mtindo wa wengi lilitungwa na Kassiane Asasumasu, mwanaharakati wa Marekani mwenye usonji, karibu mwaka 2000. Kinyume chake kilikuwapo tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, nacho pia kilitoka kwa wenye usonji, ambao kwa mara ya kwanza waliwapa jina wale waliozoea kuwapa wengine majina. Wafasiri wetu wengi wangeandika "mtu wa kawaida". Nawasihi wasifanye hivyo. Ukimwita mmoja wa kawaida umeshamtoa mwingine nje ya mlango. Hata "mwenye neva tofauti" halinitoshi: tofauti na za nani? Napendekeza tuseme mtu wa neva za wengi na mtu wa neva za wachache. Wengi na wachache ni hesabu. Hazisemi nani bora.

Hesabu yenyewe si ndogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 duniani alikuwa na usonji. Kwa makadirio hayo, kata yenye watu 5,000 ina karibu watu 40. Wengi wao hawana karatasi ya daktari wala hawataipata. Kutoka Shelui hadi hospitali ya taifa ya afya ya akili ya Mirembe, Dodoma, ni zaidi ya kilomita 300. Huko pwani ya Kenya, utafiti wa Joseph Gona na wenzake, uliochapishwa mwaka 2015, uliwakuta wazazi na wataalamu wakitaja mapepo, uchawi na laana miongoni mwa vyanzo vya usonji, sambamba na maambukizi na matatizo ya uzazi. Sidhani kama mazungumzo ya Iramba yangetofautiana sana.

Wazo linalonigusa kuliko yote ni la Damian Milton, mwanasosholojia wa Uingereza ambaye mwenyewe ana usonji. Mwaka 2012 aliandika kwamba kutoelewana kati ya wenye usonji na wasio nao kunatoka pande mbili. Tumekuwa tukisema mwenye usonji hawezi kusoma moyo wa mwenzake. Milton akauliza sisi tunausoma wake vipi. Mwaka 2020 Catherine Crompton na wenzake wa Chuo Kikuu cha Edinburgh walipanga watu minyororo ya wanane wanane, wa kwanza akapewa hadithi aifikishe kwa wa pili, hadi wa mwisho. Mnyororo wa wenye usonji watupu uliifikisha vizuri sawa na wa wasio nao. Ilipotea zaidi pale walipochanganywa. Utafiti mkubwa zaidi, wa watu 311, uliochapishwa mwaka 2025, haukuona upotevu huo katika minyororo mchanganyiko, kwa hiyo suala la kuchanganyika bado linajadiliwa. Ila katika tafiti zote mbili wenye usonji hawakuwa duni katika kufikisha habari. Kijana wa Shelui aliyesema "kichwa kinauma" amefikisha habari, tena ya kweli. Sisi ndio hatukuitaka.

Wanaoweza kuishi katikati ya neva za wengi mara nyingi hufanya hivyo kwa gharama. Mtu anakariri majibu ya salamu, anahesabu sekunde za kumtazama mwenzake machoni, anacheka wenzake wanapocheka, jioni anajifungia ndani hoi. Waingereza huita kazi hiyo kuvaa barakoa. Sisi tuna kujibaraguza, neno zuri ambalo kwa bahati mbaya lina harufu ya udanganyifu, na kumshutumu kwa udanganyifu mtu anayejichosha ili tusimcheke ni ukatili. Hapa naona heri kujificha, kitenzi kisicho na lawama, kinachomfanya msikilizaji aulize: anajificha nini, na anamkimbia nani?

Sisemi salamu zifutwe. Nazipenda, na mji kama Shelui usingekalika bila hizo. Lakini kuna mambo ambayo mtu wa neva za wengi anaweza kuyafanya kesho asubuhi bila semina wala posho. Mwambie kijana bei ya mwisho, siyo ya kuanzia. Ukisema unakuja saa nane, njoo saa nane au useme hutakuja. Ukimkaribisha chakula kwa dhati, mwambie: "Kaa, sahani yako hii." Asipokutazama machoni, endelea kuongea, anakusikia. Akihitaji kununua kitu stendi, mpeleke alfajiri kabla mabasi hayajajaa. Mwalimu amruhusu kuandika jibu badala ya kusimama na kulisema mbele ya darasa.

Kwa wahariri wa kamusi na wa magazeti nina ombi moja zaidi. Neuroanuwai liingizwe kamusini, na katika fasili yake lisiandikwe neno ugonjwa wala kasoro. Lifasiliwe hivi: hali ya binadamu kuwa na bongo zinazofanya kazi kwa namna mbalimbali.